Kupindua msumeno wa umeme wa mkono uwe mashine ya kupasulia mbao nyumbani

Ukinunua mbao za paini za inchi moja kwa nane na unataka vipande vya inchi mbili, una njia mbili. Ama uzipeleke kwa wenye mashine, upange foleni, ulipie kila mbao na urudi na vipande ambavyo vimenenepa huku na kukonda kule. Ama upasue mwenyewe kwa msumeno wa umeme wa mkono, umepiga magoti juu ya mbao, mstari wa penseli umeshamezwa na vumbi. Zote mbili nimezipitia. Njia ya tatu ni kuuchukua msumeno uleule, kuupindua chali, kuufunga chini ya meza diski ichungulie juu, kisha kusukuma mbao badala ya kusukuma mashine.

Kwa mtu anayejua kushika drili na nyundo, ni kazi ya siku mbili. Meza ndiyo rahisi. Kabla hujakata ubao wowote, kuna jambo moja la kulielewa, na yote yanayofuata yanatoka humo.

Msumeno huu ulibuniwa kwa ajili ya mkono. Edmond Michel, aliyeuanzisha New Orleans, Marekani, miaka ya 1920, alianza kwa kutia mota kwenye panga la kukatia miwa. Mpaka leo usalama wake umejengwa juu ya mkono wa mtu. Ukiachia kidole, unazima. Ukiuinua kutoka kwenye mbao, kinga ya chini inarudi kwa springi na kufunika meno. Na wakati wote bamba lake limelala juu ya mbao na kuikandamiza. Ukiupindua, vitatu hivyo vinaondoka kwa mpigo mmoja: kifyatulio umekifunga kwa kamba, kinga umeivuta ukaizuia, bamba limekwenda chini. Meza ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kulipa deni la vitu vitatu ulivyovitoa. Nimeona meza nyingi za namna hii mitaani, na nyingi zimeishia nusu ya kwanza.

Msumeno upi unafaa

Tafuta wenye diski ya milimita 185 au 190 (wengi huiita ya inchi saba na robo) na nguvu ya wati 1200 kwenda juu. Ya betri iache. Kupasua mbao ndefu kutaimaliza kabla hujafika mwisho wa ubao wa tatu. Ukinunua wa mtumba, chomoa plagi, ushike ukingo wa diski na kuutikisa kulia na kushoto. Ukicheza, beringi zimekwisha. Kisha uweke msumeno juu ya kioo au kigae bapa uone kama bamba lake limekaa lote. Bamba lililopinda kwa kuanguka halitakupa mkato ulionyooka hata ulifunge kwa boliti ishirini. Mwisho, kaza kitasa cha kina cha mkato na uuminye msumeno kwa nguvu. Kikiteleza, diski itashuka yenyewe kazini.

Baadhi ya misumeno, hasa ya mtumba kutoka Ulaya, huja na kipande chembamba cha chuma nyuma ya diski, mfano wa ulimi. Wauzaji wengine hukitoa wakidhani kinasumbua. Ukikikuta, kihesabu kama bahati. Nitaeleza kazi yake hapo chini.

Diski nayo ina somo lake. Kwa kupasua mbao kwa urefu, meno 24 yanatosha, kwa sababu nafasi kubwa kati ya meno inatoa vumbi haraka na diski haichomi mbao. Kwa plaiwudi na MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa kwa gundi) nenda meno 40 hadi 60. Kasi ya juu iliyoandikwa kwenye diski lazima iizidi kasi ya msumeno wako. Na zile diski za grainda zenye mnyororo wa msumeno, usizilete karibu na meza hii.

Hesabu ya uso wa meza

Wengi wanakosea hapa bila kujua. Diski ya milimita 185 hukata kina cha takriban milimita 65. Uso wa meza unakula kina hicho. Ukitumia plaiwudi ya milimita 18, unabaki na 47, na mbao ya inchi mbili, ambayo ni milimita 50, haikatiki kwa mpito mmoja. Ukitumia ya milimita 12 unabaki na 53. Milimita sita hizo ndizo tofauti kati ya mashine na kitu cha kukasirisha.

Kwa hiyo chukua plaiwudi ya milimita 12, na bora zaidi iwe ile nyeusi ya kumwagia zege, ambayo mafundi huiita marini. Uso wake umepakwa utando unaoteleza na haunywi maji. Kata sentimita 100 kwa 70. Kwa kuwa ni nyembamba, itabonyea katikati ikibeba msumeno, basi igandishie fremu ya mbao kavu za mbili kwa tatu upande wa chini: moja kila ukingo, na mbili zaidi kulia na kushoto kwa mahali pa msumeno. Kabla ya kupaka gundi, uweke msumeno mahali pake na uuzungushe kutoka kina kidogo hadi kina kikubwa. Mota inapoinuka na kushuka hupiga mbao zilizokaa karibu mno. Mimi nililigundua hilo gundi ikiwa imeshakauka.

Miguu iwe ya mbili kwa nne, na uso wa meza ufike usawa wa kifundo cha mkono ukiwa umesimama umenyoosha mikono, yaani kama sentimita 85 hadi 90 kwa watu wengi. Weka rafu chini na juu yake mfuko wa mchanga. Meza inayosogea mbao inaposukumwa haifai kitu.

Kuufunga msumeno

Chomoa plagi. Toa diski. Sasa amua mwelekeo, maana ukikosea hapa mashine itakuwa inakurushia mbao badala ya kuzikata: pua ya msumeno, yaani upande unaotangulia unapokata kwa mkono, lazima ielekee pale utakaposimama. Msumeno wa mkono hukata meno yakipanda juu mbele yake. Ukiupindua, meno hayohayo ya mbele yanashuka kuelekea meza na kuikandamiza mbao juu yake. Ndivyo inavyotakiwa. Ukiona meno yaliyo upande wako yanapanda, umegeuza kinyume.

Mahali pa diski acha sentimita 30 kutoka ukingo wa mbele, ili mbao iwe imetulia mezani kabla haijakutana na meno. Usiiweke katikati kabisa ya upana. Acha nafasi kubwa zaidi kulia, ambako kitakaa kiegemeo, yaani ubao wa kuiongoza mbao.

Chora mstari ulionyooka upande wa chini wa ubao, sambamba na ukingo wa kulia. Rudisha diski kwa muda mfupi ili upime: umbali kutoka kwenye mstari hadi kwenye mwili wa diski, mbele na nyuma, uwe sawa. Pima kutoka kwenye diski na siyo kutoka kwenye ukingo wa bamba. Bamba na diski haviko sambamba kwa kila msumeno, na hasa kwa ile ya bei nafuu. Ukiridhika, weka alama za matundu manne kwenye pembe za bamba, mahali ambapo hakuna mbavu wala kitasa, toa diski tena, toboa kwa milimita 6 bamba na ubao kwa pamoja. Boliti ziwe za milimita 6 zenye vichwa bapa vya mteremko, ziingie kutoka juu ya meza na vichwa vizame kidogo chini ya uso. Chini weka washa na nati zenye pete ya nailoni ndani. Nati za kawaida hulegea kwa mtikisiko, na msumeno huu unatikisika siku nzima.

Kukata mwanya wa diski

Wapo wanaopindua meza kwanza, wanawasha na kuinua diski itoboe kutoka chini huku mkono uko gizani chini ya meza. Usifanye hivyo. Weka ubao ukiwa umelala kifudifudi juu ya farasi mbili za mbao, yaani vitegemezi vyenye miguu, msumeno umefungwa juu yake na kusimama kama kawaida. Hakikisha chini ya mwanya hakuna kitu, wala mguu wako. Rudisha diski na kuikaza. Weka kina sifuri, fungua kitasa cha kina, vuta kinga ya chini kwa kijiti chake, chomeka plagi, shika mpini, washa, kisha shusha taratibu mpaka kina kiishe. Achia kidole. Subiri diski isimame kabisa ndipo uinue. Hiyo ndiyo mara ya mwisho msumeno utafanya kazi kama alivyokusudia aliyeubuni, kidole kikiwa ndicho swichi.

Mwanya utakaoupata ni mwembamba kama diski yenyewe, na ndivyo tunavyoutaka: mbao haichanuki upande wa chini na vipande vyembamba havizami. Uongeze kwa nyuma kama sentimita tatu kwa msumeno wa mkono wa chuma, kwa ajili ya ulimi.

Sasa chomoa plagi na uizuie kinga ya chini ikiwa imevutwa, kwa kipande cha waya kinachoishika kwenye kinga ya juu. Usiing'oe, wala usitoe springi yake. Utaihitaji siku utakapotaka kurudisha msumeno mkononi.

Deni la kwanza: swichi

Kifyatulio kitafungwa. Wengi wanatumia kamba ya plastiki, na haina ubaya kwa sharti kwamba msumeno hauchomekwi ukutani. Sharti hilo nililipuuza kwa miezi kadhaa. Mchana mmoja umeme ulikatika diski ikiwa katikati ya ubao wa mkongo. Nikafanya ambalo wengi wangelifanya: nikauacha ubao palepale, nikaenda kukaa barazani kupunga upepo. Baada ya kama robo saa nikasikia uani mlio, kisha kishindo. Umeme ulikuwa umerudi na msumeno ukawaka wenyewe. Ubao niliukuta ukutani, upande wa pili wa ua. Mtoto wa dada yangu alikuwa amepita hapo dakika chache kabla, kuchukua ndoo.

Kwa hiyo swichi ya kawaida ya ukutani haitoshi. Unahitaji swichi ya sumaku, ile ya vitufe viwili, kijani na chekundu, inayofungwa kwenye mashine za karakana. Ndani yake kuna koili inayoishika swichi kwa nguvu ya umeme wenyewe. Umeme ukikatika, koili inaachia. Umeme ukirudi, hakuna kinachotokea mpaka mtu abonyeze kijani. Kama huipati dukani, fundi umeme anaweza kukuundia kwa kontakta ndogo na vitufe viwili. Kwa sisi ambao umeme wetu huenda na kurudi bila hodi, naiweka mbele ya kitu kingine chochote kwenye meza hii.

Usikate waya wa msumeno. Funga soketi chini ya meza, soketi ipitie kwenye swichi ya sumaku, na msumeno uchomekwe kwenye soketi hiyo. Swichi ikae mbele kushoto, mahali ambapo goti au paja linaweza kukigonga kitufe chekundu mikono yote miwili ikiwa imeshika mbao. Wati 1300 kwa volti 230 hazifiki ampea 6, lakini wakati wa kuwaka mota huvuta zaidi, basi chukua swichi ya ampea 10 au 16. Waya wa kurefushia usipungue milimita 1.5 za mraba, na uukunjue wote. Waya uliozungushwa kwenye gurudumu lake hupata moto. Kama hujawahi kufunga soketi yenye waya wa ardhi, mwite fundi umeme. Hii siyo sehemu ya kujifunzia.

Deni la pili: ulimi na kifuniko

Meno ya mbele ya diski yanaisukuma mbao chini. Ya nyuma yanapanda. Mbao ikibana nyuma, au ikageuka kidogo na kugusa meno hayo yanayopanda, inanyanyuliwa na kurushwa upande wako. Mafundi husema mashine imepiga teke. Diski ya milimita 185 ikizunguka mara 5000 kwa dakika, meno yake yanakwenda zaidi ya kilomita 170 kwa saa, na hakuna mkono wenye kuwahi kasi hiyo.

Mbao zetu zinalichochea jambo hili. Paini iliyotoka shambani bila kukauka vizuri hujifunga nyuma ya msumeno. Mkaratusi ni mbaya zaidi, kwa kuwa mti wake hukua ukiwa na mvutano ndani. Ukiupasua, pande mbili zinapinda mbele ya macho yako, mara nyingine zikifunguka kama mkasi, mara nyingine zikibana diski mpaka mota inanguruma.

Ulimi wa chuma unakaa nyuma ya diski na kuzuia pande mbili zisikutane. Unene wake una kanuni: uwe mnene kuliko mwili wa diski, na mwembamba kuliko mkato wenyewe. Soma maandishi kwenye diski. Ikiandikwa 2.6/1.6, mkato ni milimita 2.6 na mwili 1.6, basi bapa la chuma la milimita 2 linafaa. Chora ukingo wake wa mbele ufuate mviringo wa diski, uache nafasi ya milimita 3 hadi 8 kutoka kwenye meno. Fundi wa kuchomelea atakukatia haraka. Wewe kazi yako ni kusugua kingo kwa tupa mpaka ziteleze. Ufunge chini ya meza kwa vyuma viwili vya pembe, matundu yake yawe marefu kidogo ili uweze kuusogeza. Kisha egesha rula iliyonyooka kwenye diski na ulimi kwa pamoja, pande zote mbili: ulimi ukae katikati ya mkato, usiegemee popote.

Mimi huufanya uzidi juu ya diski kwa sentimita nne, kwa sababu ndio unaobeba kifuniko. Kifuniko ni sanduku jembamba lisilo na sakafu: mbavu mbili za plastiki ngumu inayoonyesha, zimeunganishwa juu kwa kipande cha mbao, limefungwa kwenye ulimi kwa boliti moja ili liweze kucheza juu na chini. Pua yake uikate mteremko, mbao inapofika ilinyanyue yenyewe na ikishapita lishuke. Litakukera wiki ya kwanza, baadaye utasahau kuwa lipo.

Deni la tatu: kiegemeo na kisukumio

Bamba lililokuwa likikandamiza mbao sasa halipo, kwa hiyo kitu cha kuiongoza mbao ni kiegemeo, na cha kuikandamiza ni kisukumio.

Kiegemeo ni ubao mmoja ulionyooka kabisa, urefu wote wa meza. Mninga mkavu uliorandwa vizuri unafaa, au MDF mbili za milimita 18 zilizogandishwa. Ubane kwa jiriwa mbili, moja mbele na moja nyuma. Hakuna haja ya reli wala vitasa. Kinachotakiwa ni kuwa sambamba na diski. Weka alama kwa kalamu kwenye jino moja. Likiwa mbele, pima umbali wake hadi kwenye kiegemeo. Zungusha diski kwa mkono, plagi ikiwa nje, jino lilelile liwe nyuma, pima tena. Vipimo viwe sawa, au nyuma pazidi kwa nusu milimita. Nyuma pasipungue kamwe, hata kwa unywele, maana hapo umetengeneza mtego wa kubania mbao kwenye meno yanayopanda.

Kisukumio ni kipande cha mbao chenye umbo la kiatu: kisigino kinasukuma mwisho wa ubao, unyayo unaukandamiza mezani. Tengeneza vitatu kwa siku moja, kwa sababu vitakatika, na kikikatika usije ukashawishika kumalizia kwa vidole.

Kuwasha kwa mara ya kwanza

Zungusha diski kwa mkono mizunguko kadhaa uone haigusi ubao, ulimi wala kifuniko. Funga kifyatulio. Swichi ikiwa imezimwa, chomeka plagi, kimya. Simama kando, bonyeza kijani, sikiliza. Ikiwa inavuma sawasawa, zima na chomoa tena ukaguse nati zote nne. Halafu iwashe, chomoa plagi ukutani ikiwa inazunguka, subiri isimame, chomeka: isiwake. Ikiwaka, swichi yako siyo ya sumaku, hata muuzaji aseme nini.

Kujua kama diski imesimama wima, pasua kipande cha mbao pana, kisha pindua nusu moja juu chini na uziunganishe zile nyuso mbili zilizokatwa juu ya meza. Ukiona mwanga katikati, mwinamo wa diski una kosa, na mwanga unaouona ni mara mbili ya kosa lenyewe. Rekebisha kitasa cha mwinamo, rudia. Njia hii inapita skwea ya bei rahisi kwa mbali.

Kazi yenyewe

Diski izidi unene wa mbao kwa milimita tano hivi. Simama kushoto kwa mstari wa diski, siyo nyuma yake. Teke likija lipite pembeni ya tumbo lako. Nguvu ya mkono wa kulia ielekee katikati ya kiegemeo na diski, na usiache kusukuma mpaka mbao yote imepita ulimi. Kipande kikiwa chembamba kuliko kiganja chako, kisukumio kinashika zamu. Ubao mrefu wa futi kumi na mbili unahitaji msaidizi upande wa pili, lakini mwambie mapema: kazi yake ni kubeba uzito tu. Akivuta, anaupindisha ubao dhidi ya meno.

Usikate kitu bila kiegemeo, yaani kwa kukisukuma mikononi huku na huku. Na ukitaka kukata kwa upana, kiegemeo kisiwe ndicho cha kupimia kipande kifupi, kwa kuwa kipande hicho kitanasa kati yake na diski. Kwa kukata upana tengeneza kigari: ubao bapa wenye kizuizi cha pembe mraba mbele na nyuma, unaotelezea kwenye kingo za meza. Mimi bado nakata upana kwa msumeno wa mkono wa kawaida mara nyingi, na sioni aibu.

Glavu usivae. Mikono mirefu ikunje. Shuka, kikoi au kanga kiunoni vibaki ndani ya nyumba. Miwani na barakoa vaa kila mara, hasa kwa MDF na kwa mvule, ambao vumbi lake huwasha ngozi na kubana kifua. Mvule pia una kaida ya kuficha mawe meupe magumu ndani ya mbao, na mtiki una silika inayokula meno ya diski kama msasa. Mbao zilizotumika kufungia zege zikague misumari, kisha uzikague tena.

Mota hii haikuumbwa kwa kuzunguka kutwa. Baada ya kupasua mbao nne au tano ndefu, ipumzishe mpaka mkono uweze kukaa kwenye kasha lake bila kuungua. Ukiona cheche nyingi kwenye matundu ya hewa, angalia kaboni zake, vile vipande vyeusi vinavyopeleka umeme ndani ya mota. Ni kitu kidogo cha kubadilisha ukiwahi. Vumbi lipulize nje ya mota kila jioni. Uso wa meza sugua kwa mshumaa mara moja kwa mwezi, mbao zitateleza kama zimepakwa sabuni.

Siku utakapouhitaji msumeno kwa kazi ya paa au mahali pasipo na meza, ni boliti nne tu. Kata kamba ya kifyatulio kwanza, kisha toa ule waya ulioizuia kinga na uivute kinga mara mbili tatu uone inarudi yenyewe kwa haraka. Waya huo umejificha na ni rahisi kuusahau, na fundi unayemwazima atauweka msumeno chini diski ikiwa bado inazunguka, akiamini kinga imeshafunga.